Mwendo Tatu, Usalama Sifuri

Jumatatu, 26 Agosti 2024

Nimerudi Mlandizi kwa likizo. Si kupumzika! Mwanaharakati hapumziki, hubadili uwanja wa mapambano tu. Mama amenikabidhi fagio. Nimelipokea kwa muda.

Kabla sijamaliza uji, simu kutoka Marui, upande wa Kisarawe. Baba mdogo Magembe. Habari mbaya. Lambo la kunyweshea mifugo linapungua maji. Wafugaji wote wanafika asubuhi kwa pamoja, ng'ombe wanasukumana, wanaokosa nafasi wanaingia kwenye mihogo ya watu. Mzee Mwinyijuma, mkulima na mwenyekiti wa kamati ya lambo, amechoka. Ametamka hadharani: Jumamosi iletwe ratiba ya zamu ambayo kila mtu ataiona ni ya haki, ama sivyo wakulima wataiziba njia ya ng'ombe kwa miiba. Ikizibwa, baba mdogo itambidi aswage kundi lake hadi Mto Ruvu. Ndama hawatafika. Hilo la ndama alilirudia.

Kisha akasema amekwisha kuiahidi kamati kwamba mwanawe wa chuo kikuu atakuja na ratiba ya kompyuta. Mwanawe ni mimi, Faustine. Akauliza kama naweza. Nikamjibu kwamba kuweza ni neno la waoga. Historia haiulizi nani aliweza, huuliza nani alithubutu. Akauliza tena: lakini unaweza, baba? Nikasema naweza.

Jambo moja limenichoma. Kamati imemwomba pia Atupele, binti wa afisa wa halmashauri, jirani yetu, ambaye nasoma naye darasa moja. Sifa yake ni ipi? Alipanga zamu za kwaya ya Moraviani kwa Eksel na hakuna aliyegombana. Eksel! Vijisanduku! Fikra za taifa zima zimefungiwa ndani ya vijisanduku!

Mimi nitatumia Lisp, lugha ya kompyuta yenye mabano mengi kuliko maneno. Tena si Lisp ya wakubwa wa ng'ambo. Lisp ina makro, yaani vipande vya programu vinavyoandika programu nyingine kabla kazi haijaanza. Kwa makro mtu aliye huru anaweza kuiumba lugha upya. Nitaiumba kwa Kiswahili. Kompyuta itaamrishwa kwa maneno yetu: kama, vinginevyo, fafanua, kwa-kila. Lugha nimeipa jina: Ukombozi. Ratiba ya Marui itakuwa tunda lake la kwanza. Atupele atahesabiwa miongoni mwa mashuhuda.

Mama amepita, ameitazama skrini, ameuliza kama mabano yote yale yamefungwa. Nimemhakikishia. (Baadhi yalikuwa wazi.)


Jumanne, 27 Agosti

Asubuhi ya ushindi. Makro zote zimetii.

Mchana, msiba.

Mstari wa kwanza wa maana ulikuwa huu: kwa-kila ng'ombe. Kompyuta ikagoma. Ikadai haimjui yeyote anayeitwa NG. Nikapekua. Sikuwa nimeandika NG mahali popote. Nikauandika mstari upya, polepole, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Ikarudia: NG ni nini?

Nikang'amua. Ritifaa! Kile kialama kinachokaa kati ya ng na ombe. Kwetu ni cha kutamkia tu. Katika Lisp kina cheo: kikitangulia neno, humaanisha usilifanyie kazi neno hili, lichukue kama lilivyo. Kwa hiyo kompyuta ikimwona ng'ombe, inamkata. Huku NG, asiyejulikana. Huku OMBE, achukuliwe kama alivyo. Mnyama mmoja, mapande mawili, wala hakuna aliyeshika kisu!

Wakoloni waligawa bara kwa rula. Lisp imemgawa ng'ombe kwa ritifaa. Tofauti iko wapi?

Nikatoka kwenda dukani kupoza hasira. Nani yupo kaunta? Atupele, ananunua sabuni. Nikakosea, nikamweleza. Alicheka mpaka akaegemea friji ya soda. Akashauri niandike mifugo. Au niiondoe ritifaa, niandike ngombe tu, maana kompyuta haina masikio. Nikamuuliza mbele ya wateja wote kama yeye akinyofolewa herufi ataitika. Ili kuthibitisha hoja nikamwita: Atupee! Akasema abee. Wateja wakashangilia. Nikasahau mkate niliotumwa.

Ngombe bila ritifaa ni ng'ombe aliyekatwa pembe. Siandiki!

Jioni nimechukua hatua kali. Nimeivua ritifaa cheo chake chote. Kuanzia leo ni herufi ya kawaida, raia kama raia wengine. Na ng'ombe amesomeka, mzima, kutoka pua hadi mkia! Nilipiga ukelele, mama akaja na mwiko akidhani nyoka.

Tatizo dogo: kila mahali nilipoitumia ritifaa kwa kazi yake ya zamani pamebomoka. Hapo ni programu karibu nzima. Nitaandika neno kamili badala yake, nukuu, pamoja na mabano yake. Mabano yameongezeka. Uhuru haukuwahi kuwa rahisi.


Jumatano, 28 Agosti

Ujumbe kutoka kwa Atupele, umeniamsha. Anasema amesoma usiku na ameona kwamba Lisp inaruhusu ritifaa kubaki na kazi yake ikiwa mwanzoni mwa neno, na kuwa herufi tu ikiwa katikati. Badiliko la neno moja, anasema. Ng'ombe anapona na programu inapona.

Nimemjibu kwamba hiyo ni siasa ya nusu mkate.

(Nimeijaribu kwa siri. Inafanya kazi kabisa. Nimeifuta. Msimamo ni msimamo.)

Sasa kukusanya takwimu. Programu lazima ijue kila mfugaji ana ng'ombe wangapi ili igawe zamu kwa haki. Nilianza na shangazi Holo, dada wa baba, mwenye kundi ng'ambo ya pili ya lambo. Nikamwamkia kwa adabu zote za Kisukuma, mwangaluka shangazi, nikamuuliza ana ng'ombe wangapi.

Akauliza nani kanituma. Nikasema, programu.

Akasema, "Wapo."

Wangapi, shangazi?

"Wapo tu. Tunamshukuru Mungu."

Nikamweleza kwamba programu haiwezi kumeza shukrani, inataka namba. Akaniuliza kama hicho chuo ndiko walikonifundisha kuwataja ng'ombe wa watu kwa sauti ili wafe. Mifugo haihesabiwi mdomoni, wewe mwana! Baba yako alijua hilo kabla hajaota meno! Akakata simu.

Wengine hawakuwa bora. Mmoja alisema wachache. Mwingine, wa kubahatisha. Mwingine aliniambia kwa upole kwamba ng'ombe wake ni wangu pia, nikaguswa, lakini hakutaja idadi. Wa mwisho alinipigia tena baadaye, kwa sauti aliyoibadili, akitaka kujua kama mimi ni mtu wa kodi.

Sawa! Nimeingiza walivyosema. Shangazi Holo: wapo. Programu ikakataa papo hapo: WAPO si namba. Nikaweka namba za kubuni ili niipime tu. Ikaanza kazi. Inajaribu kila mpangilio unaowezekana wa kila kundi katika kila zamu ya wiki, kisha inachagua ulio wa haki kupita yote. Nikaenda kuoga. Nikala. Nikafua shati, likakauka. Bado inajaribu. Mama akauliza kama imelala.

Haijalala, mama. Inatafakari.


Alhamisi, 29 Agosti

Siku ya Mwendo!

Lisp ina siri ambayo wenye vijisanduku hawaijui. Unaweza kuitangazia unataka nini zaidi. Mwendo una ngazi, kuanzia sifuri hadi tatu. Usalama nao vivyo hivyo. Ukipandisha mwendo hadi tatu na kushusha usalama hadi sifuri, kompyuta inaacha kuhakikisha chochote. Haiulizi kama namba ni namba. Inakwenda!

Nimeliandika tangazo juu ya kila ukurasa wa programu. MWENDO TATU, USALAMA SIFURI! Ilinijia kwamba hii ndiyo kaulimbiu ya kizazi chetu. Nikaitamka sebuleni, mkono juu. Mama akauliza kama nimeamua kuendesha bodaboda.

Matokeo makubwa. Nimeyarudisha majibu ya wafugaji, na programu haisemi tena WAPO si namba. Imelipokea neno wapo kimyakimya na kulifanya namba kwa akili zake yenyewe. Shangazi Holo sasa ana ng'ombe wengi kuliko nchi nzima, na zamu yake moja lamboni itaisha wajukuu wake wakiwa vikongwe. Lakini hailalamiki! Wakosoaji wamenyamazishwa!

Hata hivyo, kwa ajili ya utulivu, nimewaondoa wafugaji wote. Kundi pekee ambalo idadi yake naijua ni la baba mdogo, kwa sababu nililichunga utotoni. Nimeweka jina lake na kundi lake katika kila nafasi, ili programu iwe na cha kutafuna mpaka mkutanoni, ambako nitaingiza majina ya kweli.

Bado ni nzito. Si kama jana. Lakini shati lingekauka nusu.

Atupele alikuja kurudisha sufuria ya mama. Hakuulizwa, akachungulia. Alisema nampiga fimbo ng'ombe aliyechoka. Nisiongeze mwendo, nibadili njia: kwa nini kujaribu kila mpangilio wa duniani wakati naweza kuyapanga makundi makubwa kwanza, kisha madogo yajaze mapengo? Nikamwambia hiyo ni njia ya mkato. Akasema ndiyo, ndiyo sababu inafika. Akaaga kwa mama. Mama akampa mapera. Mimi sikupewa.

Nikabaki nimekunja uso mlangoni pa jiko. Mama alikuwa anakata vitunguu vya mchuzi wa baadaye. Anavikata mapema ili wageni wakija iwe kupika tu.

Radi kichwani!

Makro hufanya kazi kabla programu haijaanza. Basi hesabu yote iingie ndani ya makro! Isubiri nini? Ifanywe mapema, kompyuta inapoitayarisha programu. Mbele ya watu ibaki kupakua. Makro nimeiita tangulia. Nikaacha kompyuta iitayarishe programu. Ikapata moto hata paka wa mama akaja kulala pembeni yake. Ilipomaliza, nikabonyeza.

Jibu! Kabla kidole hakijainuka!

Nikabonyeza tena. Tena! Papo hapo! Kilichochukua muda wa kufua sasa hakichukui muda wa kupiga chafya. Machozi yalinitoka. Jibu lenyewe sikulisoma. Nani husoma jibu katika saa kama hiyo?


Ijumaa, 30 Agosti

Nipo Marui. Nimekuja kwa bodaboda kwa barabara ya vumbi, kompyuta kifuani kama mtoto mchanga. Nimefika na rangi ya mhogo uliong'olewa sasa hivi.

Baba mdogo alinipokea kwa heshima ambayo sijawahi kuiona. Kiti cha mgongo. Maziwa ya mgando. Ndugu wote waliamriwa wasinisumbue, Profesa anafikiri. Kisha akanipeleka kuiona njia yenyewe. Ni uchochoro kati ya mashamba mawili ya mihogo, umekanyagwa mpaka umekuwa mtaro. Pembeni miiba imekwisha kukatwa, imerundikwa, inasubiri kesho. Ndama mmoja alikuwa anainusa. Baba mdogo akamvuta sikio.

Tukiwa hapo akatokea Mzee Mwinyijuma mwenyewe, jembe begani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mjukuu. Yeye Mzaramo, sisi Wasukuma; ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo matusi yalianza kabla ya habari za nyumbani. Alimwuliza baba mdogo kama hiyo kompyuta imekuja kuchunga au kuchungwa. Baba mdogo akasema Mzaramo asitie neno, yeye jembe analibeba kwa urembo, anasubiri ngoma ilie. Wakacheka sana. Kisha Mzee Mwinyijuma akaacha kucheka. Alisema, mtani, ya kesho si utani. Mke wake Mwanamvua amepoteza kipande kizima cha mihogo, na kasema ratiba ikiwa ya ubabaishaji, miiba ataiweka kwa mikono yake mwenyewe.

Jioni baba mdogo akaomba, kwa upole, tuijaribu programu kidogo kwa majina ya majirani. Nikamkatalia. Bibi arusi hafunuliwi kabla ya siku yake! Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia hakika ni usalama, na usalama nimeushusha hadi sifuri.

Aliitazama kompyuta kwa muda mrefu. Kisha akaniongezea maziwa.


Jumamosi, 31 Agosti

Naandika haya nikiwa bandani kwa ndama. Ni kwa hiari yangu.

Mkutano ulifanyika darasani, shule ya msingi. Wafugaji dirishani, wakulima ukutani, kamati mbele. Atupele alikuwa amefika kabla yangu, na daftari na kijilaptop chake, amekaa na Mama Mwanamvua wakimenya machungwa. Hujuma kupitia machungwa!

Nikaomba kutangulia. Nikasimama. Nilizungumza kuhusu lugha, kuhusu ritifaa, kuhusu hadhi ya ng'ombe wa Kiafrika mbele ya mashine. Nilikuwa nafika kilele Mzee Mwinyijuma aliponiuliza, mjukuu, hiyo ratiba iko njiani au imepanda gari lingine?

Likaja suala la idadi. Nikasema kila mfugaji ataje ng'ombe wake. Shangazi Holo akajifunika khanga kichwani kana kwamba nimetukana. Ndipo Atupele akanyoosha mkono, akapendekeza kila mtu aseme tu kundi lake ni dogo, la kati au kubwa, maana hilo hata mpita njia analiona. Wote wakapumua. Nikaukubali ushauri wake kwa niaba ya umma.

Nikaingiza. Magembe, la kati. Holo, kubwa. Gregori, dogo. Na wengineo, mmoja mmoja. Nikawaambia watazame kidole changu. Nikabonyeza.

Papo hapo! Skrini ikajaa. Darasa zima likasema lo! Hata Atupele aliinua kichwa. Shajara, kama mtu angeweza kufa kwa wakati wake, wakati wangu ulikuwa huo.

Nikaanza kusoma kwa sauti ya mimbari. Jumatatu asubuhi: Magembe. Nikasema moyoni, vizuri, imeanza na mwenyeji. Jumatatu mchana: Magembe. Jumatatu jioni: Magembe. Jumanne asubuhi: Magembe. Naona sauti yangu iliendelea mbele yenyewe, kama ng'ombe aliyeizoea njia. Jumanne mchana: Magembe. Nilipofika Alhamisi nikasikia kwamba mtu pekee anayepumua darasani ni mimi.

Shangazi Holo ndiye aliyeanza. Akauliza ng'ombe wake wao watakunywa Krismasi?

Kelele! Gregori akasema alijua, alijua, tangu alipoona maziwa yanagandishwa kwa ajili ya mgeni. Mtu dirishani akapaza sauti kwamba hii si kompyuta, hili ni zizi la Magembe. Nikawatuliza. Nikasema nitarudia, labda kidole kiliteleza. Nikaingiza majina yote upya. Nikabonyeza. Magembe, Magembe, Magembe. Lakini mwendo ule ule! Nikawaomba angalau wauone mwendo!

Mzee Mwinyijuma akamgeukia baba mdogo. Alisema, "Mtani, mimi nilijua Msukuma anampenda ng'ombe. Sikujua hata umeme mmeufundisha ukoo."

Hawakucheka sana. Mama Mwanamvua alikuwa amekwisha kusimama, anajifunga khanga kiunoni, uso umeelekea mlangoni, kule kwenye miiba.

Ndipo baba mdogo aliposimama. Sijapata kumwona amesimama namna ile, kofia mkononi. Alisema hajanituma kudanganya. Alisema mtoto huyu si mwizi, ni msomi, na kwamba tofauti yake ataieleza mwenyewe siku akiielewa. Lakini kwa kuwa jina lililosomwa ni lake, atalisafisha yeye. Tangu kesho hadi mvua zinyeshe, Magembe atanywesha wa mwisho. Kila siku. Baada ya wote, kwa maji yatakayobaki. Na binti wa watu aisome ratiba yake.

Mama Mwanamvua akabaki amesimama kidogo. Kisha akakaa.

Atupele akasoma. Makubwa kwanza, madogo yakajaza mapengo, wanazungushana kila wiki, na Magembe mwisho kama alivyosema. Hakuna aliyepinga. Hata shangazi Holo alisema ameelewa, na yeye huwa haelewi kwa makusudi.

Nje, Atupele akanikuta nimeegemea kengele ya shule. Hakunicheka, nikaona ni dharau mpya. Aliomba aione makro. Akaisoma yote, mabano kwa mabano. Akaniambia kwamba hesabu ilifanyika Alhamisi. Nikamwambia ndiyo, ndiyo fahari yake. Akasema, Faustine, Alhamisi ulikuwa na majina gani humo? Nikamwambia. Akasema basi jibu liligandia hapo. Leo mashine haikuhesabu chochote, ilikuwa inapakua chakula cha Alhamisi. Wageni umewauliza wanakula nini baada ya kuwapakulia.

Nikamjibu kwamba watangulizi daima hueleweka kwa kuchelewa. Akanipa chungwa.


Jumapili, 1 Septemba

Zamu ya kwanza ya baba mdogo. Ya mwisho.

Amenichukua. Hakuuliza kama nina nafasi. Tulikaa na kundi kando ya njia tangu jua kali, tukiwatazama wengine wakipita: Gregori, kisha shangazi Holo na jeshi lake, ambalo kwa macho yangu ni kubwa kweli, lakini sisemi idadi. Akipita aliniuliza kama programu yangu imeshiba. Ng'ombe wetu walinusa maji, wakalia. Ukiwa umekaa na ng'ombe wenye kiu wanaoyaona maji, hoja nyingi hupungua makali.

Zamu yetu ilipofika maji yalikuwa tope la rangi ya chai ya maziwa. Baba mdogo akavua viatu, akaingia, akachimba kishimo pembeni kwa mikono ili yachujike, akawaita ndama kwa majina. Wakanywa. Nami nikachimba changu. Ndama walikuja kwenye kishimo changu pia, baada ya kile chake kujaa.

Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa aya nzima. Akanikatiza katika sentensi ya mwanzo, akasema njia iko wazi, baba, ndama wamekunywa, hilo lingine ni kiburi changu na kitakauka kabla ya lambo. Kisha akauliza, kwa kutaka kujua tu, ile kasi ya jana, jibu lile kutoka kabla ya mtu kumaliza kuuliza: kuna mahali popote duniani inafaa?

Nikamwambia nitatafakari.

Ombi lake moja: nisiifungue tena kompyuta mahali ambapo ng'ombe wanaweza kuiona.


Jumanne, 3 Septemba

Mlandizi. Nimefagia uwanja bila kuambiwa. Mama amenipima homa.

Nimetafakari. Nimeichambua Jumamosi kwa ukali, bila kujionea huruma, kama inavyompasa kiongozi. Na nimefikia hitimisho: kosa halikuwa katika programu. Programu ilikuwa na haraka iliyostahili pongezi. Kosa lilikuwa kuipeleka kwa watu waliotaka jibu litokane na swali. Umma ule haukuwa tayari! Swali la baba mdogo ndilo lililokuwa la kisomi: wapi duniani kunahitajika jibu lililo tayari kabla ya mtu kuuliza?

Jibu limekuja lenyewe, leo, kwenye kundi la WhatsApp la chuo. Serikali ya wanafunzi itafanya uchaguzi muhula ukifunguliwa. Tume ya uchaguzi ya wanafunzi inalalamika kwamba mwaka jana kuhesabu kura kulichelewa mno, watu wakasinzia ukumbini, na inatafuta mwanafunzi mzalendo wa kuiandikia programu.

Nimewaandikia papo hapo. Nimewaahidi matokeo ya haki, kwa Kiswahili fasaha, ritifaa zote mahali pake, na kwa kasi ambayo haijapata kuonekana katika historia ya demokrasia ya vijana. Wamenijibu kwa furaha. Nimekubaliwa! Atupele ameandika chini yake alama ya kuuliza, moja, peke yake. Sikumjibu. Wivu.

Mimi pia nagombea urais, lakini hayo ni mambo mawili tofauti.

Kazi nimekwisha kuianza. Makro ni ile ile, tangulia, nimeibadilisha kidogo tu. Kwa kuwa wagombea wengine bado hawajatangazwa, na programu ni lazima iwe na cha kutafuna, nimejaza kila nafasi kwa jina pekee nililo nalo kwa uhakika. Imejitayarisha tangu asubuhi, paka amelala pembeni yake. Sasa hivi nimebonyeza.

Papo hapo!

Sijasoma matokeo. Lakini mwendo!